Unene wa Ufito

Gauni lile nililishona mwenyewe, na mimi sishoni ovyo. Mara ya kwanza niliachia mishono ya ubavuni, nikasema haya, watu hunenepa. Mara ya pili nikaachia tena. Dada yangu aliponiletea mara ya tatu, amelibana kwapani kama kitu cha wizi, nililigeuza ndani nje nikakuta hakuna cha kuachia. Kitambaa kimeisha.

"Dada, hapa hakuna dawa," nikamwambia. "Labda nikushonee hema."

Siku nyingine angenirushia chanuo, tukacheka mpaka wateja watushangae. Siku hiyo alicheka kidogo, akashika ukingo wa meza yangu ya kukatia, akakaa taratibu, anahema. Nikamtazama vizuri. Nilikuwa namwona kila siku, na mtu unayemwona kila siku humwoni. Uso wake ulikuwa umekuwa wa duara, mashavu yamepanda mpaka macho yamekuwa madogo. Mungu wangu, huyu ni nani?

Kwa sababu huyu dada yangu, mtaa mzima unamwita Ufito. Jina nilimpa mimi tukiwa wadogo na halikumtoka. Amekua mwembamba, ameolewa mwembamba, amefika karibu na arobaini mwembamba. Anakula anachotaka na hakionekani kinakokwenda. Sisi wengine tukinusa tu chungu tunaongezeka, yeye anakomba sufuria na bado mkanda unamzidi. Nilikuwa namwonea wivu, siwezi kusema uongo. Sasa ndani ya miezi michache tu, Ufito alikuwa ananishinda mimi kwa kiuno, na miguu yake imebaki ileile miembamba, tumbo limekaa juu yake kama limeazimwa kwa mtu mwingine.

Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango mmoja, tumekigawa kwa pazia. Mbele ni kwangu: cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya kuniudhi, meza, pasi na kioo cha kujitazamia. Nyuma ya pazia ni saluni yake: viti viwili, mashine ya kukaushia nywele inayonguruma, pipa la maji na benchi la wanaosubiri. Kwangu wanakuja watu kushona, kwake wanakuja kusuka na kusema. Nikiwa nimekaa kimya huku nasikia siri za nusu ya mtaa.

Kusuka anajua, lakini kilichomjengea jina ni mkorogo. Tusijifanye hatuujui. Ni ile krimu ya kung'arisha ngozi: losheni hii, mafuta yale, na tyubu za dawa ya ngozi zinazouzwa kila duka kama pipi, vyote vinakamuliwa kwenye beseni. Wenzake wanakoroga kwa mwiko. Ufito alisema mwiko unaacha mabonge, mkono una joto, mkono ndio unayeyusha. Basi anakunja mikono ya blauzi, anaizamisha yote miwili mpaka kwenye viwiko, anakanda kama anakanda unga. Glavu? Thubutu! Glavu zinakula krimu, nusu ya mali inabaki humo. Na kunawa hanawi, maana tone la maji likiingia krimu inakatika, inakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Kwa hiyo akimaliza beseni moja na anasubiri jingine, anavaa mifuko ya nailoni mikono yote miwili, anaibana kwa mpira juu ya kiwiko, vumbi na nywele visimnate. Anakaa hivyo asubuhi nzima, anapiga soga, mifuko inachakacha. Wateja walimsifu kwa usafi. Hata mimi nilimsifu, na mimi kusifu ni kazi ngumu.

Mwaka ule kazi ilimwendea vizuri kupita kiasi. Wenye maduka walianza kuja kuchukua ili wakauze tena, na walichokuwa wanachukua kwa makopo wakawa wanachukua kwa ndoo. Beseni likawa halikauki.

Lakini yeye mwenyewe hakupaka. Ng'o! "Rangi yangu ilishaiva," alikuwa akisema, anajitazama kwenye kioo na weusi wake unaong'aa. "Nikiirudisha jikoni itaungua." Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililotuzungusha sote.

Sasa, unene ule ulipoanza, hakuna aliyeuita ugonjwa. Ufito alikuwa na zaidi ya miaka kumi kwenye ndoa bila mtoto. Mume wake, shemeji yangu, ni fundi wa friji, mtu mpole wa maneno matatu kwa siku, na hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kumlaumu. Waliobaki walimlaumu kwa niaba yake. Mama mkwe, kwa miaka yote hiyo, alimsalimia Ufito kwa pua. Basi tumbo likatokeza. Uso ukajaa. Na siku moja Ufito akanivuta nyuma ya pazia, akaninong'oneza kwamba siku zake hazijaja, na mwezi uliopita hazikuja, na wa kabla yake pia.

Nilipiga kigelegele mpaka mteja aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia akatoa kichwa.

"Shh! Wee, utaniharibia!" akanifunga mdomo kwa kiganja. "Mdogo wangu, nisipompata huyu, mwingine sitegemei. Umri ndio huo. Huyu ndiye."

"Umepima?"

"Sijapima."

"Unangoja nini?"

"Naogopa kuambiwa siye."

Nikamwelewa, nikanyamaza. Lakini tumbo halikunyamaza. Mama mkwe alifika na mabegi yake, akahamia, akaanza kumwita mama kijacho mbele ya watu. Ndoo asibebe, ufagio asishike, akiinama anagombezwa. Mwanamke aliyekuwa anamsalimia kwa pua sasa anamkanda miguu! Shemeji naye, bila kumwambia mtu, alitoa mafriji mabovu kwenye chumba kidogo cha nyuma, akakipaka rangi ya njano. Nilimkuta na brashi mkononi, rangi mpaka kwenye nyusi, anatabasamu peke yake. Akaona aibu, akasema, "Shemeji, nilikuwa nasafisha tu."

Kilichotupeleka kupima ni mistari. Nilikuwa nampima kiuno nimshonee gauni la uzazi, akainua blauzi, nikaona tumboni mistari ya zambarau, mipana kama kidole, inateremka mpaka kwenye nyonga kama amechapwa fimbo. Mimi nimepima matumbo ya wajawazito wengi sana. Mistari ninaijua. Ile haikuwa ile.

"Kesho tunakwenda," nikasema, na safari hii sikumwuliza.

Tulikwenda watatu: yeye, shemeji na mimi. Kipimo cha mkojo kilisema hapana. Ufito akasema vipimo vya mkojo vinakosea, kila mtu anajua. Wakatupeleka kwenye altrasaundi. Kijana wa mashine alimpaka mafuta tumboni, akapitisha kile chombo huku na huku, anatazama kioo. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Shemeji alikuwa ameshika viatu vya mke wake, kimoja mkono huu, kingine mkono huu.

"Mama, mfuko wa uzazi uko mtupu," akasema kijana.

"Tazama tena."

Akatazama tena. "Hakuna kitu, mama."

"Labda amejificha. Pitisha upande huu. Bonyeza, usiogope, siumii."

Kijana wa watu akapitisha upande ule. Akabonyeza. Akageuza kioo tukione sote, ukungu mweusi na mweupe, akatuonyesha kwa kidole: hiki ni kibofu, huu ni mfuko, hauna mtoto, hauna uvimbe, hauna maji. Ufito alikuwa ametoa macho, hapepesi, mafuta yanamteremka ubavuni.

"Sasa humu ndani mna nini?" akauliza.

"Ni mafuta tu, mama. Ni unene. Upunguze kula."

Hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. "Apunguze nini? Umewahi kuona sahani yake? Mtu hawezi kunenepa hivi kwa miezi michache, na miguu imebaki kama ya kuku! Wewe unaona miguu hii?" Shemeji akanigusa bega, na mikononi bado ana viatu, nikanyamaza kwa sababu ya vile viatu.

Mama mkwe alifungasha wiki ileile. Hakutukana, nimshukuru kwa hilo. Alisimama mlangoni na mabegi yake akasema, "Kumbe ni shibe," akaondoka. Ufito alikuwa jikoni na alisikia. Akaacha kula. Nasema akaacha, sisemi akapunguza. Majani na maji, majani na maji, mpaka shemeji akaja dukani kunishtaki kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Na kila akipanda mzani, sindano inasogea mbele. Nilisimama pembeni ya ule mzani nikiwa siamini macho yangu. Mtu anashinda na njaa, na anaongezeka!

Nikaanza kumzungusha. Niliapa kwamba kitu hiki kina jina na nitalijua. Tulipima tezi ya shingo, ikawa nzima. Tukapima figo, nzima. Ini, zima. Sukari imepanda, ambayo hakuwahi kuwa nayo. Presha imepanda, ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kila tulipokwenda tulipewa karatasi ya kusema asile wanga na atembee. Atembee vipi? Siku moja aliinama kuokota chanuo akashindwa kuinuka. Alibaki amechuchumaa katikati ya saluni, anacheka kwanza, kisha hacheki, wateja wawili wakamshika makwapa wakamnyanyua. Mtu aligonga bega lake kidogo tu mlangoni, pakavia damu kama amepigwa rungu. Na mimi nilipokuwa namtengenezea kola, kola ikakataa kukaa. Nikadhani nimekata vibaya. Nikaweka mkono nyuma ya shingo yake nikakuta nundu ya mafuta imejaa kiganja changu. Sindano zilinidondoka mdomoni.

"Nini?" akauliza.

"Hakuna. Nimekosea kukata."

Nilikwenda nyuma ya duka nikalia. Nilijua nitamzika.

Nyumbani nilimwambia shemeji waziwazi, na asubuhi iliyofuata tulimpeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa homoni. Alikuwa mama wa makamo, mdogo wa umbo, miwani imening'inia kwa kamba, anaongea polepole mpaka unataka kumsukuma. Lakini huyu alikuwa wa kwanza kumwambia Ufito asimame, ageuke, atembee, akae bila kushika kiti. Alishindwa kukaa bila kushika. Daktari alitazama mistari, akatazama nundu, akashika mashavu yake kwa vidole viwili.

"Mama, wewe huna shibe," akasema.

Ufito alilia papo hapo. Alilia kwa sauti, kwa sababu ya neno hilo moja.

Daktari akatueleza. Juu ya figo kuna vijitezi vinavyotengeneza homoni fulani, na homoni hiyo ikizidi mwilini, mtu anakuwa hivi hivi: uso duara, tumbo, nundu, mistari, sukari, presha, misuli inalegea, na hedhi inasimama. Huenda kuna uvimbe kwenye hizo tezi, au kichwani kwenye tezi inayoziamuru. Aliposema kichwani nilimwona shemeji anafumba macho. Damu ikachukuliwa, tukaambiwa turudi.

Tuliporudi, daktari alikuwa na majibu mezani na amekunja uso.

"Nilitegemea nikute homoni imejaa," akasema. "Haipo kabisa. Mwili unaniambia imezidi, damu inaniambia haipo. Tezi zako zimelala fofofo."

"Ndiyo nini sasa?" nikauliza.

"Ndiyo kusema inaingia kutoka nje. Kuna dawa inaingia mwilini inayofanana nayo, nyingi sana, mpaka tezi zake zimeona hazina kazi. Mama, unakunywa nini? Vidonge vya maumivu? Unga wa viungo? Sindano?"

"Hapana."

"Dawa ya pumu? Ya kuongeza hamu ya kula?"

"Hapana, daktari."

"Krimu ya ngozi?"

"Sipaki."

"Hata ya kung'arisha?"

"Daktari!" nikaruka mimi. "Dada yangu hapaki hayo mambo. Mtazame rangi yake. Mtazame!"

Alimtazama. Uso mweusi, shingo nyeusi. Akasema basi, wapime tena presha. Ufito alikuwa amevaa mikono mirefu, kama alivyokuwa akivaa siku zile kuficha alama za damu. Nesi akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, na daktari akainuka kwenye kiti.

Mkono ulikuwa wa watu wawili. Juu ya kiwiko mweusi, chini ya kiwiko umepauka, mwekundu mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa yote inahesabika. Na mpaka wake ulikuwa umenyooka, pale mpira unapobana. Mimi mikono ile nilikuwa naiona! Nilidhani ni dawa za nywele. Sote tulidhani ni dawa za nywele.

"Hii ni nini?"

"Kazi," akasema Ufito.

"Kazi gani?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa fahari hata, maana ni kazi anayoijua. Akataja tyubu zote alizokuwa anaweka, kwa majina, na ngapi kwa beseni. Akaeleza habari ya joto la mkono na mabonge. Akaeleza kwa nini hanawi. Alipofika kwenye mifuko ya nailoni, daktari alivua miwani.

"Ngoja. Unajipaka halafu unafunika?"

"Sijipaki, daktari. Nachanganya."

"Tyubu moja ya hizo," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mgonjwa wangu nampa apake kiasi cha ncha ya kidole, kwa siku chache, na namwambia asifunike. Ni steroidi, ndugu ya ile homoni, na ni kali. Ukifunika kwa nailoni ngozi inainywa mara nyingi zaidi. Wateja wako wanapaka, mama. Wewe unaoga."

Miaka yote ile nilikaa upande wa pili wa pazia nasikia ile mifuko inachakacha! Shemeji aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Ufito alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza, kana kwamba amepewa aishikie.

"Naacha leo," akasema.

"Mkorogo unaacha leo. Lakini sikiliza, na ninyi mnisikilize. Tezi zake zimelala. Hiyo dawa ikikatika ghafla na mwili hauna yake, anaweza kuanguka akafa. Nitampa vidonge vya homoni hiyohiyo, tutapunguza kidogokidogo, mpaka tezi ziamke. Asiruke hata kimoja."

Yaani kilichokuwa kinamuua ndicho alichopaswa kukinywa asife. Niliomba arudie, akarudia, na bado sikuamini.

Ufito alikuwa na swali lake.

"Daktari. Umesema hedhi inasimama kwa hili. Mimi mkorogo nimeanza zamani, kidogokidogo, kabla ya hizi ndoo. Je, na mtoto? Miaka yote hiyo ya mtoto?"

"Miezi hii naweza kukuambia ndiyo. Miaka ya nyuma siwezi kujua, mama. Inawezekana, na inawezekana si hivyo. Hakuna kipimo cha kunirudisha huko."

Kwenye ngazi za hospitali shemeji alimshika mkono, ule uliopauka, akaushika kama yai. Akasema, "Tupone kwanza." Hayo ndiyo maneno yake ya siku ile.

Beseni tulilitoa. Ndoo zilizojaa alizimwaga shemeji mwenyewe, kwenye shimo alilochimba. Ufito akaanza vidonge, anavimeza mbele yangu, namkagua mpaka chini ya ulimi. Lakini wateja hakuwaambia. Wakiuliza mkorogo anasema umekwisha. Wakiuliza utakuwepo lini anasema bidhaa hazipatikani. Nilimgombeza kila siku.

"Waambie!"

"Nitawaambiaje? Niseme nilikuwa nawauzia sumu? Nani atakaa tena kwenye kiti changu?"

"Basi wakae kwenye jeneza?"

"Niache kwanza nipone, mdogo wangu. Nitawaambia nikipona."

Tulikuwa tumefika hapo, hakuna anayemshinda mwenzake, siku alipoingia mke wa muuza matairi. Ni mteja wa siku nyingi, alikuwa hajaonekana tangu ajifungue, na kifuani amembeba mwanawe wa kwanza. Jamani, benchi zima lilisimama. Mtoto mnene! Mashavu yamejaa mpaka mdomo umebaki kidogo katikati, mapaja mikunjo mikunjo, kidevu hakionekani. Wakampokezana mkono kwa mkono, huyu anambusu, yule anamfinya shavu. "Huyu anakula vizuri!" "Mama ana maziwa huyu!" Mama mtu anacheka, anavimba kwa raha. Hata mimi nilitoka kwenye cherehani nikaenda kumwona.

Mtoto akafika mikononi mwa Ufito.

Yeye kila mtoto anayeingia lazima ambebe, ndivyo alivyo, watu wameshazoea na wanamwachia. Alimweka begani, akampigapiga mgongo. Kisha nikaona mkono wake umesimama. Ukapanda nyuma ya shingo ya mtoto. Ukabonyeza. Akamlaza mapajani, akainua kishati chake, akatazama tumbo. Akatazama mgongo, una vinyweleo vyeusi vingi kuliko vya mtoto.

"Unampaka nini?" Ufito akauliza.

"Si ule wako! Ule wa kopo kubwa. Kidogo tu, matakoni, kabla sijamfunga nepi. Vipele vyote vimekwisha, na analala vizuri. Ndiyo maana nimekuja, kopo limeisha."

Saluni nzima ilikuwa inacheka na kusema, na Ufito amekaa na mtoto mapajani, jasho linamtoka. Nilidhani atazimia. Nilijisogeza nimpokee mtoto.

"Sikilizeni," akasema. Hakuna aliyesikiliza. Akapaza sauti, na Ufito hana sauti ya kupaza, ilitoka kama ya mtu anayekabwa. "Nisikilizeni! Huyu mtoto hajanenepa. Huyu mtoto anaumwa. Anaumwa ninachoumwa mimi, na mimi ndiye niliyempa!"

Mke wa muuza matairi alikuwa bado ana tabasamu, halijajua pa kwenda.

"Dada, unasema nini?"

"Twende hospitali sasa hivi. Usiache kumpaka kwa kichwa chako, usimpake kwa kichwa chako, twende tu, nitakueleza njiani."

"Nirudishie mwanangu."

"Twende nitakurudishia pale."

"Nirudishie mwanangu! Una wivu! Kwa sababu wewe huna, ukiona wa mwenzio mnene inakuuma!"

Watu waliinamisha macho. Mimi nilishainua mkono, sijui nilitaka kumpiga nani. Ufito alipokea neno lile usoni na hakulijibu. Aliinuka. Mtu aliyekuwa hawezi kuinuka bila kushikwa makwapa aliinuka na mtoto wa watu kifuani, akapita pazia, akapita cherehani zangu, akashika barabara. Mama mtoto nyuma yake anapiga kelele za mwizi, mimi nyuma yao na futi ya kupimia shingoni, benchi zima nyuma yangu.

Yule daktari wa homoni alimpokea mtoto bila kuuliza ni wa nani. Alimbonyeza pale alipobonyeza Ufito. Akauliza anapakwa nini, wapi, tangu lini, na anavaa nepi ya namna gani. Mama mtoto alijibu, na kila jibu sauti yake ilipungua, mpaka mwisho akawa anajibu kwa kichwa. Daktari akasema mtoto analazwa, na angepakwa miezi mingine michache asingefika hapo akiwa hai. Mke wa muuza matairi akakaa chini sakafuni. Ufito akakaa karibu naye, hakumgusa.

Kisha daktari akamgeukia. Hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Mama, wenye watoto wachanga uliowauzia ni wangapi?"

Ufito akafungua mdomo. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi najua. Akaanza kuwataja polepole, huyu wa duka la vyombo, huyu mwalimu, yule mwenye mapacha, na kwa kila mmoja anakunja kidole. Vidole vyote vilipokwisha akavikunjua, akaanza upya, na bado hakuwa amefika kwa wenye maduka waliochukua kwa ndoo.